Bustani Iliyotandikwa Sakafuni

Harufu ya rehani ilimfikia Filomena kabla hajaiona nyumba, naye akafurahi. Alijiambia kwamba asubuhi ile Ansbert ameimwagia bustani maji mengi, ndiyo maana harufu imetoka mpaka njiani. Akageuka kuwatazama wazazi wake waliokuwa wakija nyuma, baba na kofia yake ya kwendea kanisani, mama na kanga mpya ambayo ilikuwa haijaguswa na maji bado.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Harufu."

"Mimi nasikia miguu," mama alijibu. "Kutoka Keko mpaka huku ni kama mtu anakwenda Masasi."

Baba Polikarpo alicheka ndani ya masharubu yake. Yeye alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na tangu mwanzo hakuwa na kipingamizi kwa posa ya Ansbert. Kijana alikuwa karani bandarini, Mkatoliki mwenzao, hanywi kupita kiasi, na alikuwa amefuata njia zote za adabu. Hakuwahi kuja Keko peke yake. Alimtuma jirani yake Mzee Bakari kuwa mshenga, na Mzee Bakari, Mzaramo mwenye maneno mengi na moyo mkubwa zaidi ya maneno yake, alikuwa amekwisha kukaa kwenye kibaraza cha Polikarpo mara nyingi hata akawa na kiti chake.

Mwenye kipingamizi alikuwa mama Eufrazia. Ansbert alikuwa mtu wa Bukoba. "Huko si mbali tu," mama alikuwa akisema. "Unapanda gari moshi, unashuka, unapanda meli, unashuka, na ukifika umesahau mama yako anaitwa nani. Mimi nimebakiwa na mtoto huyu mmoja. Wenzake nimewazika Ndanda. Anayemtaka aje akae nilipo."

Ansbert alimwapia Filomena kwamba hawatakwenda. Watakaa hapa hapa Temeke, katika ile nyumba ya kota yenye vyumba viwili na ua wa mchanga. Lakini kiapo hakionekani kwa macho, na mama Eufrazia alikuwa mtu wa kuamini anachokiona. Ndipo Filomena alipofikiri habari ya bustani.

Hakutaka bustani ya mchicha na bamia, kwa kuwa hiyo hata mpangaji wa mwezi mmoja hupanda. Alitaka mimea ya kukaa, ile ambayo ukiipanda leo unaikuta mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Na alitaka iwe ya ndege na vipepeo, kwa sababu moja. Tangu wahamie Dar es Salaam, mama yake alikuwa hajaacha kulalamika kwamba mji huu una kunguru tu. Kule Ndanda, chini ya mlima, alikuwa akiamshwa na ndege wa kila namna. Hapa alikuwa akiamshwa na misumeno ya Keko.

Basi kila Jumapili baada ya misa, Filomena alikuwa akija Temeke. Mke wa Mzee Bakari alikuwa akitoka na ukili wake na kukaa kibarazani mwa Ansbert, akisuka kimya mpaka magharibi, ili majirani wasipate la kusema. Hakuombwa afanye hivyo, wala hakulitaja hata siku moja. Filomena alipanda shubiri upande wa jua, kwa ajili ya ndege chozi, wale wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, ambao hupenda sana maua yake mekundu. Alipanda rehani mstari mzima, na asumini kwenye ua wa miti, na maua ya manjano ya porini ambayo masista wa misheni walikuwa wakiyang'oa na kuyatupa. Pembeni akapanda mdimu. Ansbert alipoona viwavi kwenye majani ya mdimu akataka kuwaua.

"Waache," Filomena alimwambia. "Hao ndio vipepeo wenyewe. Hawajavaa tu."

Ansbert alicheka, kisha akaacha kucheka, akawa anamtazama. Mikono yao wote wawili ilikuwa na tope. Walikuwa wameshika mche mmoja wa asumini, yeye juu na Filomena chini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuachia.

Sasa masika yalikuwa yamepita na kila kitu kilikuwa kimeanza kutoa maua. Shangazi yake Ansbert, Kokuberwa, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa amekuja kutoka Bukoba kwa niaba ya ukoo, na alikuwa anaondoka na gari moshi la Jumanne. Polikarpo alisema anataka kuona nyumba kabla ya kupokea chochote, na kwa kuwa shangazi hakuwa na siku nyingine, wakapatana kwamba huko huko binti aulizwe na jibu litolewe. Mzee Bakari alinung'unika kwamba hajapata kuona posa inayojibiwa kwa mume. Lakini alikubali. Filomena akijibu ndiyo leo, arusi itakuwa kabla ya Noeli.

Filomena aliongeza mwendo. Alitaka afike kwanza, asimame mlangoni, aione sura ya mama yake itakapoiona bustani.

Alipokata kona alisimama.

Mdimu ulikuwepo. Shubiri zilikuwepo na miiba yake. Vingine vyote vilikuwa vimekatwa. Mstari wa rehani ulikuwa umebaki vishina, vifupi, vyeupe pale mundu ulipopita. Asumini ilikuwa imevuliwa kwenye ua, na miti ya ua ilikuwa wazi kama mbavu. Hakukuwa na jani hata moja chini, kila kitu kilikuwa kimeokotwa kwa uangalifu, na mchanga ulikuwa umefagiwa vizuri.

Ansbert alitoka mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alimwona, naye uso wake ukawa uso wa mtu aliyekuwa akimwogopa mgeni huyu huyu tangu alfajiri.

"Filo, njoo huku kwanza," alisema, akamwongoza nyuma, kwenye jiko la nje.

"Nani?" Filomena aliuliza.

"Usipandishe sauti."

"Sijapandisha. Nauliza nani."

"Shangazi. Kwetu mgeni mkubwa hakanyagi sakafu tupu. Anatandikiwa majani mabichi nyumba nzima. Ameamka kabla ya jua, akakata mwenyewe, mgongo wake ule. Mimi nililala kwa Mzee Bakari. Nilipokuja asubuhi yalikuwa yameshalala sakafuni."

"Hukumwambia kwamba ni bustani?"

"Sikupata nafasi."

"Tangu lini amefika?"

"Filo."

"Amefika tangu Jumatano. Amelala hapa, amekula hapa, ameiona bustani kila siku. Hukumwambia hii ni ya nani wala ni ya nini?"

Ansbert aliokota kijiti, akakivunja.

"Haya. Umekuja asubuhi, umekuta majani yako chini, shangazi amesimama na mundu wake. Ulisema nini?"

Ansbert aliangalia viatu vyake.

"Nilisema asante."

Filomena angeweza kulia, lakini hakutaka kulia akiwa na gauni lile, alilolishona kwa ajili ya siku ile. Akaukunja mkono wa gauni, akaukunjua, akaukunja tena.

"Unajua maana yake?" Ansbert alisema kwa sauti ya chini. "Mke wa mdogo wangu Audax hakutandikiwa na mtu. Shangazi alimpokea kwenye udongo. Wewe amekutandikia. Maana yake amekukubali, Filo. Nilipoona hivyo ningemwambia nini? Kwamba ameharibu?"

"Ungemwambia kweli."

"Baadaye nitamwambia."

"Na habari ya kibanja, ile migomba ya baba yako? Umeshamwambia kwamba hurudi kukaa?"

Ansbert alichungulia mlango wa nyuma.

"Ansbert. Umeshamwambia?"

"Nilikuwa nangoja leo ipite."

Alinyoosha mkono kutaka kuushika wake. Kwenye kidole chake kulikuwa na mkwaruzo mpya, labda alijaribu kuinua asumini iliyokatwa airudishe kwenye ua, akaona haiwezekani. Filomena aliuona mkwaruzo ule na moyo ukamlegea kidogo, na hilo likamwudhi zaidi. Akaurudisha mkono wake nyuma.

Mbele ya nyumba sauti ya mama yake ilisikika. "Mzee Bakari, hodi zetu. Haya, ndege wako wapi niliopigiwa kelele mwaka mzima?"

Wote wakaingia ndani.

Chumba kilikuwa kidogo na majani yalikuwa mengi. Rehani, asumini na yale maua ya manjano vilikuwa vimepangwa vizuri kutoka mlangoni mpaka chini ya dirisha, vikiwa vinene kama godoro. Shangazi Kokuberwa alisimama katikati, mwanamke mrefu, mweupe wa nywele, na alipiga magoti kuwaamkia wageni ingawa wote isipokuwa Bakari walikuwa wadogo kwake.

"Karibuni ndugu zangu. Karibuni sana. Kanyageni."

"Shikamoo shangazi," Filomena alisema.

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikuone." Alimshika uso kwa mikono miwili, mikono iliyonuka rehani. "Mzuri. Umekonda kidogo, lakini hilo litapona."

"Chakula cha pwani hakinenepeshi, mama," Mzee Bakari alidakia. "Sisi tunanenepa kwa maneno."

Wakacheka, wakakaa. Filomena alipewa mkeka karibu na mama yake. Alikaa pembeni kabisa, miguu ameikunja chini yake, asikanyage. Mama aliinama kwenye sikio lake.

"Hii ndiyo bustani?"

"Ndiyo, mama."

"Wameing'oa."

"Wameikata."

"Yote moja. Mtu hakati anapokaa. Hawa wamekwisha funga mizigo, mwanangu. Wanakuaga tu."

"Si hivyo, mama."

"Basi ni vipi?"

Filomena alishindwa kueleza. Angesema ni heshima, mama angeuliza heshima gani ya kukata maua ya mtu. Angesema kijana alinyamaza, hilo lingekuwa baya zaidi.

Shangazi alikuwa anaeleza kwa furaha jinsi alivyohangaika. "Nimezunguka mtaa huu wote kutafuta majani. Mji wenu una mchanga, ndugu zangu, hauna majani. Na sakafu hii ya saruji, baridi, kama ya jela. Nikasema nitawapokeaje watu wanaonipa mtoto? Nikatazama uani, nikaona haya, mazuri, yananukia. Nikasema Mungu ameniwekea."

"Ahsante, mama," Polikarpo alisema. Alikuwa amevua viatu vyake, peke yake kati ya wanaume, na kuviweka nje ya mlango. Hakuelezwa chochote na mtu, lakini alikuwa ameona mahali binti yake alipokunja miguu.

Ndipo kipepeo wa kwanza alipoingia. Alikuwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Alipita juu ya kofia ya Bakari, akashuka, akatua kwenye ua moja la manjano karibu na mguu wa mama Eufrazia. Akaja mwingine, na mwingine mweupe mdogo. Walikuwa wamekuja kwenye bustani kama walivyozoea, wakakuta imehama, wakaifuata. Mazungumzo yalikatika. Mama Eufrazia alikuwa ananyoosha mguu wake, akauacha hapo hapo hewani, akawa anamtazama yule kipepeo akifungua na kufunga mabawa.

"Wanatoka wapi?" aliuliza polepole.

"Wamezoea kuja," Filomena alisema, na sauti ikamkatika. "Niliwapandia. Nilikupandia wewe."

Bakari aliona hatari. Kazi ya mshenga ni kuvusha watu mahali palipobomoka, naye aliifanya upesi. "Basi, wazee wangu, hata wadudu wamekuja kushuhudia. Tusiwacheleweshe. Mzee Polikarpo, binti ni wako. Muulize."

Polikarpo alijikohoza.

"Filomena."

"Labeka, baba."

"Unamfahamu mtu huyu?"

Filomena aliinua macho. Ansbert alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti, akimtazama kama mtu anayezama anavyotazama ukingo. Aliyafahamu macho yale. Aliyafahamu yakiwa na usingizi asubuhi ya misa, na yakiwa na kicheko, na yakiwa yanatoroka kama yalivyotoroka jikoni muda mfupi uliopita.

"Namfahamu."

"Tumekuja hapa kwa hiari yako?"

"Ndiyo, baba."

"Walilolileta, tulipokee?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Angelisema, na shangazi angepiga vigelegele, na Jumanne angeondoka na habari njema, na mama angelia wiki moja kisha akazoea. Na Ansbert angesema baadaye. Mwaka ujao angesema baadaye, mpaka siku moja Filomena angejikuta kwenye meli, hajui ni nani aliyeamua.

"Baba, nitajibu," alisema. "Lakini mama ana swali lake. Ameliuliza mwaka mzima, na hakuna aliyemjibu mbele ya watu. Naomba lijibiwe kwanza."

"Haya za bibi arusi hizo," Bakari alisema haraka. "Anaona aibu, anazungukazunguka."

"Mwache aseme," mama Eufrazia alisema.

Filomena alimgeukia Ansbert. "Tukioana, tutakaa wapi?"

Ansbert alifungua mdomo. Aliyejibu alikuwa shangazi, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Usiogope, mwanangu. Kumbe ndilo linalokusumbua. Kibanja kipo. Yeye ndiye mkubwa, migomba yote ya baba yake inamngoja yeye. Hapa ni pa kazi tu, mwaka mmoja, miwili, kisha mnakuja nyumbani. Hutakaa kwenye saruji hii. Mimi mwenyewe nitakufundisha kulima."

Alikuwa anampa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na Filomena aliliona hilo. Mama Eufrazia aliliona lingine. Alianza kukusanya kanga yake mabegani kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Ansbert alisema neno kwa Kihaya. Kisha akasita. Alitazama watu wa Keko, akaanza upya kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Shangazi, mimi sirudi."

"Hurudi mwaka huu, najua. Kazi."

"Sirudi kukaa. Nitakuja kuwasalimu, nitaleta watoto wawaone. Lakini nyumba yangu itakuwa hapa. Kibanja apewe Audax."

Shangazi alitabasamu bado, kwa kuwa uso ulikuwa haujapata habari. "Audax ni mdogo wako."

"Yeye anapenda migomba. Mimi nilishaamua kabla hujaja. Na haya majani, shangazi, hayakujiotea. Mimi na Filomena tuliyapanda. Yalikuwa ya kumwonyesha mama yake kwamba tunakaa."

Shangazi Kokuberwa alitazama sakafu. Aliinua mguu mmoja, kisha hakujua auweke wapi, kwa kuwa kila mahali kulikuwa na majani.

"Ningejua unakaa," alisema, "nisingekata."

Kisha akamwinulia macho mtoto wa kaka yake.

"Mbona uliniambia asante?"

"Nilikosa, shangazi. Niliona furaha yako, nikaogopa kuiharibu."

"Umengoja watu wajae ndiyo uiharibu."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana liliuma. Aliokota vijani vya rehani kwenye goti lake kimoja kimoja. Kisha akamgeukia Polikarpo, kwa heshima ile ile aliyowapokea nayo.

"Ndugu yangu, kaka yangu alinituma nimtafutie mkwe. Hakunituma nimpoteze mtoto. Nikipokea neno leo, nitakuwa nimempokelea na lile ambalo hajui. Nitakwenda nimwambie mwenyewe. Maneno kama haya hayatumwi. Akikubali, nitarudi."

"Na asipokubali?" Bakari aliuliza.

"Nitarudi vile vile, niwaambie. Sitawaacha watu wakitazama njia."

Polikarpo aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ni haki, mama. Tutangoja."

Na ikawa hivyo. Neno ambalo lilikuwa limefika mdomoni mwa Filomena lilirudi lilikotoka, na halikushuka vizuri.

Alitoka nje asije akasema lisilofaa. Alichuchumaa kwenye vishina vya rehani. Hasira yake haikujua imkamate nani. Shangazi alikuwa amefanya wema. Ansbert mwishowe alikuwa amesema kweli, kama alivyotakiwa, na kweli yenyewe ndiyo iliyofunga mlango. Angenyamaza, sasa hivi wangekuwa wamekwisha kuwa wachumba. Alikuwa amemlazimisha kufanya jambo jema, akamshinda, na hakuna alichopata.

Mama yake alitoka. Alisimama akitazama ua ulio wazi, shubiri, mdimu. Kipepeo mmoja alikuwa ametoka naye.

"Mizizi ipo?" mama aliuliza.

"Ipo."

"Haya. Debe liko wapi?"

Filomena aliinua kichwa. Mama Eufrazia alikuwa anajifunga kanga yake mpya kiunoni, fundo gumu, la kazi.

"Mama, itachafuka."

"Ni kanga tu. Nilifikiri kijana wako hana mdomo. Amemwambia shangazi yake mbele yetu kwamba kibanja hakitaki. Mwanamume anayeacha shamba la baba yake kwa ajili ya rehani," alisema, akatikisa kichwa, "huyo mimi namtaka."

"Mwaka mzima nimekubembeleza."

"Na sasa nimekubali."

"Sasa wao ndio hawajakubali."

Mama alimtazama, na Filomena hakujua kama atacheka au atalia. "Basi utawabembeleza na wao," mama alisema, akaokota debe lililokuwa ukutani, akashika njia ya bombani bila kungoja kuonyeshwa.

Ndani sauti ya Bakari ilikuwa imeanza tena, ikimweleza shangazi habari ya babu yake mwenyewe aliyekataa kurudi Kisarawe, na shangazi alikuwa anamsikiliza, au alikuwa na adabu ya kusikiliza. Ansbert alitoka na debe la pili, lenye maji. Mikunjo ya shati lake ilikuwa imelegea. Alikuja akasimama karibu na Filomena, lakini si karibu sana.

"Umenikasirikia."

"Sana."

"Nimesema, Filo. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Ungesema mwaka jana, leo ningekuwa nimekwisha kujibu."

"Najua."

"Hujui. Lilikuwa hapa." Aligusa koo lake. "Nimelimeza."

Ansbert aliliweka debe chini. "Sasa tutafanyaje?"

"Tutamwagia maji. Kisha mimi nitarudi Keko na wazazi wangu, na wewe utakwenda kukaa na shangazi yako mpaka Jumanne. Usimwache peke yake na majani yale. Mwambie kila kitu, hata ambalo hujaulizwa. Na usimwache ayatoe mwenyewe, mgongo unamuuma."

"Na Jumapili utakuja?"

Filomena alichukua debe. Mkono wake ulipita juu ya wake kwenye kishikio, akauacha pale kwa muda mrefu kuliko debe lilivyohitaji, kisha akauondoa.

"Nitakuja. Kuna kazi."

"Filo." Aliinama kidogo ili wa ndani wasisikie. "Lile neno ulilolimeza. Lilikuwa ndiyo?"

Alimtazama kwa muda, shati lake, mkwaruzo wake, yale macho ambayo safari hii hayakutoroka. Alitamani kumwambia. Lingemgharimu pumzi moja tu.

"Nitamjibu baba," alisema, "siku atakayoniuliza tena."

Akainamisha debe, na maji yakaanza kuingia kwenye mchanga.